Kamba ya Gurudumu la Nyuma

Jumatatu, 4 Machi

Daftari hili nimepewa hospitali. Dada wa mazoezi, yule anayenikunja kifundo cha mguu kana kwamba anakamua shuka, ameniambia wanawafuatilia watu walioumia kwa baiskeli miaka mingi iliyopita, waone maisha yao yanakwendaje. Kwa hiyo msimu huu wote wa mvua niandike siku zangu, na kila siku niipe alama, kuanzia sifuri hadi mia. Sifuri ni maisha mabaya kabisa, mia ni mazuri kabisa.

"Andika lolote, mama," akasema. "Maneno ni yako. Sisi tutachukua alama tu."

Mimi ni fundi nguo, mwaka wa ishirini na sita huu. Nimepima viuno, mabega, na hata kichwa cha bwana mmoja aliyetaka kofia ya kumfunika masikio. Siku sijawahi kuipima. Ila leo jua limewaka, nimemaliza suruali nne, na mguu umenyamaza. Alama: 75.

Jumanne, 5 Machi

Suruali mbili, viraka vitatu. 75.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua imeanza. Mguu ulijua tangu jana. Mama Pacha, jirani yetu wa ghorofa ya juu, haaniki nguo kabla hajaniuliza. Asubuhi alichungulia mlangoni na beseni lake: "Fundi, mguu unasemaje?" Nikamwambia unasema mvua kabla ya saa saba. Redio ilikuwa imesema jua. Saa sita na nusu wale wenye redio walikuwa wanakimbizana na mashuka yao, na Mama Pacha anawatazama kutoka juu, mikono kiunoni. Nilijiona mtu mkubwa.

Ni mguu wa kulia. Miaka tisa iliyopita uliingia kwenye spoku za gurudumu la nyuma, mimi nikiwa nimekaa kwenye keria, mume wangu akiendesha. Kisigino kilipasuka, kifundo kikavunjika mara mbili, na siku hizi hakikunjiki. Ngazi nazishuka upande upande kama kaa. Fundi viatu huniongezea soli upande mmoja. Cherehani nakanyaga kwa mguu wa kushoto peke yake. Nimezoea, na wateja wamezoea. Alama: 60, kwa sababu ya baridi.

Jumapili, 10 Machi

Mume wangu yuko nyumbani leo, anapanga vyombo vilivyokwisha kupangwa. Kazi yake ni kusoma mita za maji, nyumba hadi nyumba, na mtaa mzima humwita Bwana Mita. Tangu ajali hajapanda baiskeli. Ameitundika kwenye ukuta wa stoo, mnyororo umeshika kutu, na mizunguko yake yote anaifanya kwa miguu. Wenzake wenye baiskeli huwa nyumbani saa tisa na nusu. Yeye huingia saa kumi na mbili, viatu vimelowa, na kabla hajavua koti huniwekea maji ya moto kwenye beseni niloweke mguu. Kila jioni, miaka tisa. Wanawake wa jengo hili husema nina bahati, na ni kweli. 70.

Alhamisi, 14 Machi

Kidato cha tatu cha ngazi kimelegea, nusura nidondoke. 55.

Ijumaa, 15 Machi

Kidato kimepigwa misumari. Mume wangu anasema amekiona tu. 70.

Jumanne, 19 Machi

Kiti cha cherehani ni kifupi, nyonga inaniuma kila ikifika jioni. 60.

Jumatano, 20 Machi

Kiti kimewekewa vibao miguuni, kimepanda kiasi cha vidole vitatu. Mimi sikumwambia mtu. 72.

Ijumaa, 22 Machi

Nimekuta alama ya kidole gumba kwenye ukurasa wa tarehe 14. Ni ya wino wa bluu. Mimi naandika kwa penseli, na katika nyumba hii kuna kalamu moja tu inayovuja, nayo hukaa kwenye mfuko wa shati la msoma mita. 68.

Jumamosi, 23 Machi

Leo nimetamani papai kupita kiasi. Papai lililoiva vizuri. Sijui nitalipata wapi kwa mvua hii. 65.

Jumatatu, 25 Machi

Mapapai mawili, makubwa kama mito ya kulalia. "Nimeona nikuletee," akasema, macho ukutani. Mimi papai silitii mdomoni tangu utotoni, na yeye analijua hilo tangu tulipochumbiana. Lakini daftari limesema, basi. Nikala vipande vitatu nikitabasamu. Nilipomeza cha tatu alinitazama kwa furaha hadi nikamhurumia.

Hujambo, Bwana Mita. Kama umefika hapa, jua kwamba papai bado sili. Alama: 80, tumbo halikuhesabiwa.

Jumanne, 26 Machi

Mama Pacha ameshuka kutushukuru kwa papai zima na kipande. Mume wangu amekula chakula chake masikio yakiwa yamemuiva. 82.

Ijumaa, 29 Machi

Kwa kuwa msomaji wangu yupo, nimwombe jambo.

Zamani tulikuwa tunagombana. Tuligombania dirisha: mimi nalitaka wazi nipate mwanga wa kutunga uzi, yeye analitaka limefungwa kwa sababu ya unyevu. Tuligombania sauti ya redio, na nani amemaliza sukari. Alikuwa na mdomo mume wangu, na nilipenda kuushinda. Tangu ajali nikisema dirisha liwe wazi anajibu "Sawa, mke wangu." Nikisema lifungwe, "Sawa, mke wangu." Nikisema tuling'oe tulitupe barabarani nadhani ataenda kutafuta nyundo. Anaishi na mimi kama mtu anayetumikia kifungo na anataka bwana jela amwone ana tabia njema.

Hiyo sawa inaniuma kuliko mguu. Nataka tugombane. 58.

Jumamosi, 30 Machi

Amesimama mlangoni, amekohoa. "Nafikiri," akasema, "dirisha lifungwe."

"Silifungi."

"Sawa," akasema, akaondoka. 50.

Jumanne, 9 Aprili

Dada wa mazoezi amekuja nyumbani na karatasi zake. Je, natembea bila shida? Je, naoga na kuvaa mwenyewe? Je, nafanya kazi zangu? Je, nina maumivu? Je, nina huzuni au wasiwasi? Nilijibu vizuri, hata nikamfanya acheke kuhusu utabiri wa mvua. Kisha akamgeukia mume wangu, kwa adabu tu, maana alikuwa amekaa pale na magoti yamebanana.

"Na wewe baba, uliumia siku ile?"

"Mimi sikuumia," akasema. "Mimi ndiye niliyeendesha. Kamba ya kukinga gurudumu sikuifunga vizuri."

Dada akaandika kitu. Mimi nikawa natafuta sindano ambayo haikuwa imepotea. Kuna jambo ningepaswa kulisema pale pale, na sikulisema, na hata hapa leo siwezi. 40.

Jumatano, 10 Aprili

Mvua. 45.

Ijumaa, 12 Aprili

Mvua. Mashati matatu. Mama Pacha anasema mguu wangu sasa hauna habari mpya. 45.

Alhamisi, 18 Aprili

Mkanda wa cherehani umekatika saa moja asubuhi, katikati ya pindo. Mume wangu alikuwa amekwisha vaa koti lake la kazi. Ametoka mbio kwenye mvua, amezunguka maduka matatu kabla hayajafunguliwa vizuri, amerudi ameloa hadi kwenye soksi. "Nimeleta miwili," akasema, "mmoja uwe wa akiba." Akapiga magoti, akauvisha mwenyewe, akazungusha gurudumu kwa kiganja aone kama linakwenda sawa. Maji ya nywele zake yalikuwa yanadondokea kanyagio.

Sikuweza kumtazama. Nilitazama rafu, na kwenye rafu kuna kopo la vifungo. 35. Mguu hauhusiki.

Jumamosi, 20 Aprili

Mume wangu, najua upo. Sasa hivi uko kwa Mama Pacha unaziba paa, na kesho asubuhi utalifungua daftari hili ukidhani nimelala. Basi leo siiandikii hospitali. Nakuandikia wewe.

Unakumbuka ulivyoitunza ile baiskeli. Kila upande wa gurudumu la nyuma ulisuka kamba ya kijani ya nailoni, kutoka kwenye madigadi hadi chini katikati, ili nguo zangu na miguu yangu visiingie kwenye spoku. Watu walikucheka wakasema umeivalisha baiskeli gauni. Jumapili ile uliziba pancha, ukaifungua kamba ya upande wa kulia, ukaifunga tena. Hadi leo unaamini hukuifunga vizuri, ikalegea, ikadondoka njiani. Ulinieleza hospitalini umenishika mkono, unalia. Juzi umemweleza dada wa mazoezi.

Hukukosea. Uliifunga vizuri mno. Najua kwa sababu vifundo vyako vilinishinda, ikabidi nitumie mkasi wa kukatia vitambaa.

Jumanne jioni mkanda wa cherehani ulikatika. Nilikuwa na mashati arobaini ya shule ya kupeleka Jumatano asubuhi, yamebaki tisa, na maduka yamefungwa. Nikashuka stoo nikakata kamba yako ya upande wa kulia. Niliikunja mara mbili, nikaziunganisha ncha kwa moto wa mshumaa, nikaivisha cherehani. Ilizunguka vizuri ajabu, nikajisifu peke yangu. Nilipanga kukuambia. Asubuhi tukaamka tumechelewa, ukanipa lile furushi, nikarukia keria miguu yote upande wa kulia kama siku zote, kichwa changu kimejaa vifungo vya mashati. Wewe hukuangalia gurudumu kwa sababu hukuwa na sababu ya kuliangalia. Hatukufika hata kwenye daraja dogo.

Ulipolia hospitalini nilitaka kusema. Nilikuwa nimelewa dawa, na nilikuwa naogopa. Nikasema kesho. Kesho nikasema kesho. Mwanzo nilinyamaza kwa hofu, halafu nikanyamaza kwa aibu ya kunyamaza. Na kila jioni ya miaka hii tisa nimekuona unaingia na viatu vilivyolowa, nikaweka mguu wangu kwenye maji uliyoyachemsha.

Kamba iko kwenye kopo la vifungo, chini kabisa. Niliivua kwenye cherehani wiki niliyorudi, wakati wewe, kwa majuto, hata chumba hiki ulikuwa huingii. Itazame sehemu nilipoikata, utaona ni mkasi.

Nisamehe. Kama huwezi, nigombeze. Ila usiniambie sawa.

Leo sina alama.

Jumapili, 21 Aprili

Kopo liko wazi mezani, vifungo vimemwagika. Kamba haipo. Asubuhi yeye pia hakuwepo. Alirudi saa nane mchana ameloa, akala, akaenda kukaa stoo. 20.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimechemsha maji mwenyewe. Sikujua lile beseni ni zito hivyo. 20.

Jumanne, 23 Aprili

Ameingia saa kumi na mbili. Dirisha lilikuwa wazi, mimi natunga uzi. Akasimama katikati ya chumba, koti linachuruzika.

"Funga dirisha."

"Natunga uzi."

"Nimesema funga! Mvua inaingia, kuta zinaota ukungu, kila mwaka nakwambia!"

"Hujaniambia miaka tisa!"

"Kwa sababu miaka tisa sikuwa na mdomo! Ulinifunga mdomo wewe! Miaka tisa, mwanamke wewe! Hakuna kokoto ya mji huu nisiyoijua! Kile kilima cha tangi la maji nimekipanda kwa miguu kila wiki, na kila nikikipanda najiambia, panda, umeyataka mwenyewe!"

"Niliogopa utaniacha."

"Nikuache niende wapi? Ningekugombeza siku tatu! Haya, nne! Ungelia, ningelia, yangekwisha, tungeendelea na maisha yetu!" Akavuta pumzi. "Na ulitumia mkasi wa vitambaa?"

"Ndiyo."

"Ule ulionikataza hata kukatia karatasi?"

"Huo huo."

Nikadhani atacheka. Hakucheka. Alikaa kwenye rundo la nguo za wateja, akalia kwa sauti kama mtoto, na mimi nikaenda nikakaa kando yake nikalia pia. Tukasikia mlango unagongwa. Mama Pacha, kanga ya mabegani upande, uso umebadilika.

"Jamani, kuna msiba?"

"Hapana, jirani," nikasema. "Tunagombana."

"Nyie?" Akatutazama mmoja mmoja. "Haya, endeleeni basi." Nikamsikia anapanda ngazi polepole sana, labda asikose neno.

Dirisha nikalifunga. Baada ya muda nikalifungua tena, maana uzi haukuingia, naye akanung'unika hadi wakati wa kula. Nimefurahi. Naona aibu kuandika hivyo wakati mtu ana macho mekundu kwa ajili yangu, lakini nimefurahi. 85.

Jumamosi, 27 Aprili

Bado ana hasira. Chai amejipikia kikombe kimoja. Jana amenikumbusha tena kokoto. Mguu umevimba kwa kuwa nabeba beseni mwenyewe, na kuna saa ya mchana nilitamani yule wa "sawa" arudi, kwa siku moja tu. Halafu akaniambia suruali niliyoshona ina mguu mmoja mrefu. Nikapima. Haina. Nikamwonyesha, akasema futi yangu imevutika. 78.

Jumamosi, 4 Mei

Sauti ya pampu stoo. Nimejifanya sisikii. 80.

Jumatatu, 6 Mei

Ameondoka na baiskeli. Nilisimama dirishani nikashika fremu kwa mikono miwili hadi akapinda kona. Siku nzima sikushona mstari ulionyooka, nimefumua mara tatu. Saa kumi na robo amerudi anahema, anatembea miguu imeachana, anasema tandiko limegeuka jiwe. Amekaa juu ya mto. Nimemwekea maji kwenye beseni, akauliza ni ya nini, nikamwambia ayakalie. 88.

Jumapili, 12 Mei

Mvua imepungua. Amesuka kamba mpya kwenye gurudumu la nyuma, pande zote mbili. Kamba ni nyeupe, ila upande wa kulia ameunganisha kile kipande cha kijani kutoka kwenye kopo. Amesema ni kwa sababu nyeupe haikutosha. Mimi nimeiona kamba nyeupe iliyobaki imening'inia msumarini, ni nyingi tu. 85.

Jumamosi, 18 Mei

"Unapanda au hupandi?" ameniuliza, ameishika baiskeli mbele ya jengo.

Nilishuka ngazi zote na viatu vyangu vizuri. Nikaigusa keria. Nikaurudisha mkono kama mtu aliyegusa pasi ya moto, na mara ya pili haukwenda. Haya hayamo kwenye karatasi za dada wa mazoezi, kwamba mtu anaweza kukaa vizuri miaka tisa halafu akashindwa kugusa chuma. Nikamwambia siwezi.

Mwezi Machi angesema sawa. Leo amesema, "Mwoga," akazunguka jengo mara mbili peke yake akipiga kengele, huku Mama Pacha anapiga makofi. Nimeudhika hadi sasa. 66.

Ijumaa, 24 Mei

Leo ni siku ya kupeleka alama hospitali. Mguu ulisema jua, na jua likawaka. Nilivaa suruali, nikashuka upande upande hadi chini. Yeye alikuwa ananingoja.

"Kagua mwenyewe," akasema.

Nikainama nikakagua kama ninavyokagua mshono wa mteja mkali. Nilivuta kila kifundo kwa kidole, upande wa kushoto, upande wa kulia. Kwenye ile sehemu ya kijani nilivuta mara mbili. Ameniwekea pia kibao cha kukanyagia, kipana, cha mguu usiokunjika.

"Na mkanda wa cherehani ukikatika?" akauliza.

"Wa akiba uko kwenye droo."

"Na wa akiba ukikatika?"

"Twende, bwana."

Nikapanda. Kwa mwendo wa nyumba kumi za kwanza nilimkaba kiunoni hadi akasema hapumui. Kwenye daraja dogo nilifumba macho. Nilipofumbua tulikuwa ng'ambo, na mguu wangu ulikuwa pale pale kwenye kibao, mzito, umevimba kidogo, wangu. Nikaanza kumwambia apunguze mwendo, akaniambia nipunguze maneno, na tukaenda hivyo hadi hospitali.

Dada wa mazoezi alinakili alama zote akanirudishia daftari. Alipofika tarehe 20 Aprili akauliza mbona hakuna kitu. Nikamwambia siku ile nilikuwa na kazi nyingi. Alama ya leo nimempa 90.

Jumapili, 26 Mei

Naandika mimi, Bwana Mita, kwa kalamu yangu inayovuja. Penseli yake sijaiona.

Ameiambia hospitali tisini. Asiwadanganye watu wa watu. Jana nimemwona anapanda ngazi ameegemea ukuta, na jioni kifundo kilikuwa kama boga. Mguu wake mimi naupa sitini. Mdomo wake mia.

Kamba nimeshaikasirikia, na kuna siku nitaikasirikia tena, nitamwambia siku hiyo.

Ila kuna jambo la kusahihisha. Tarehe 9 Aprili yule dada aliniuliza kama niliumia, nikasema hapana. Hapo pafutwe. Niliumia. Siku hizi nafika nyumbani saa tisa na nusu, kama wenzangu wenye baiskeli.